Mbali na Gizani: Kamera Mbili Katika Safari ya Murchison

Barabara itokayo Kampala kwenda kaskazini hupita Bombo, mji wa Wanubi na wa kambi kubwa ya jeshi, kisha huingia Luweero, ambako wauza mananasi hupanga bidhaa yao kando ya lami. Karibu na mto Kafu njia hugawanyika, na msafiri aendaye mbugani hushika mkono wa kushoto mpaka Masindi, mji ulio umbali wa kilomita zipatazo 215 kutoka Kampala. Mbele ya Masindi ndipo ulipo mlango wa Mbuga ya Taifa ya Murchison Falls, iliyoanzishwa mwaka 1952, nayo ndiyo kubwa kuliko mbuga zote za Uganda.

Maporomoko yaliyoipa mbuga hiyo jina yaliitwa hivyo na Mwingereza Samuel Baker, aliyefika hapo na mkewe Florence mwaka 1864. Katika miaka ya 1970 serikali iliyaita Kabalega, kwa heshima ya mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza hata akakamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Majina yamebadilika, lakini maji hayajabadilika. Mto Nile hapo hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, ukaanguka kwa kishindo yapata mita 43.

Wengi waendao kutazama ajabu hiyo hutaka kurudi na picha. Simu ya mkononi leo hutosha kwa picha ya mtu asimamaye karibu, mchana kweupe. Simu nyingi hushindwa mahali pawili: mbali na gizani. Kwa hiyo familia iliyoweka akiba kidogo hujiuliza: je, inunuliwe kamera ndogo ya mfukoni, au ile kubwa ya kuanzia ambayo mafundi wa picha huiita DSLR?

Yafaa kwanza ieleweke tofauti yake. Kamera ya mfukoni ina lenzi moja isiyotoka. Huchomoza kama pua kamera inapowashwa, na hurudi ndani inapozimwa. Aina nyingine huweza kuvuta kitu cha mbali mara 30 au hata 40. Kamera kubwa ina kioo ndani ya tumbo lake. Kioo hicho hurusha taswira mpaka kwenye kitundu cha kuchungulia, na hunyanyuka kufumba na kufumbua wakati picha inapopigwa. Lenzi yake huondolewa na kuwekwa nyingine, kama seremala abadilishavyo patasi.

Lakini tofauti iliyo muhimu kupita zote haionekani kwa nje. Ni kile kipande kipokeacho mwanga, kilichochukua nafasi ya filamu ya zamani. Katika kamera nyingi za mfukoni eneo lake ni milimita za mraba 28 tu. Katika kamera kubwa za kuanzia ni zaidi ya milimita za mraba 330. Mvua ikinyesha, mwenye beseni atakinga maji mengi kuliko mwenye kikombe, ingawa wote wawili wamesimama chini ya wingu moja. Ndivyo ilivyo kwa mwanga. Wauzaji hupenda kutaja megapikseli, lakini hesabu hiyo haimwambii mnunuzi kama anauziwa beseni au kikombe.

Miongoni mwa waliosafiri kwenda Murchison katika likizo moja walikuwamo sajini wa jeshi, mkewe na watoto wao watatu. Sajini alikuwa amepangiwa kwenda kulinda amani Somalia, nchi ambayo Uganda imekuwa ikipeleka askari tangu mwaka 2007. Siku zilizobaki zilikuwa chache. Kitindamimba wao alikuwa na umri wa miaka miwili, umri ambao mtoto hubadilika sura kila mwezi, na baba akirudi baada ya mwaka humkuta mtu mwingine. Fedha ya akiba ilitosha kamera moja tu.

Sajini aliitaka kubwa. Alisema waziwazi kwamba mtu mwenye kamera ile huheshimiwa, na watu humpisha njia. Mkewe aliitaka ndogo, kwa kuwa hukaa katika mkoba, haimwiti mwizi, na bei yake ingebakiza ada ya shule. Hawakugombana. Waliazima zote mbili: ndogo, yenye kuvuta mara 30, kutoka kwa dada wa mke, na kubwa kutoka kwa askari mwenzake sajini, ambaye siku za mapumziko hupiga picha za harusi. Kubwa ilikuja na lenzi mbili: ile ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, na nyingine fupi ya milimita 50 isiyovuta wala kurudisha. Wakakubaliana kwamba safari ndiyo iamue.

Walilala Masindi, na asubuhi wakaingia Kaniyo Pabidi, sehemu ya msitu wa Budongo iliyo njiani kuelekea maporomoko. Huo ni msitu wa mikangazi mirefu, na majani ya juu yamefungana hata jua la saa tatu hufika chini kama vijidoa tu. Watu huenda hapo kuwatazama sokwe kwa miguu, wakiongozwa na walinzi wa wanyama, na taa ya kamera hairuhusiwi kumulika. Baada ya mwendo mrefu kundi moja lilisikika likipiga kelele juu ya miti. Kisha dume mmoja akashuka, akaketi penye shina lenye mizizi mipana, hatua chache kutoka njiani.

Mke alimvuta kwa kamera ndogo mpaka uso ukajaa kioo. Picha ilipotazamwa, uso ulikuwa umetikisika na umejaa chenga, kama redio isiyoshika stesheni. Haikuwa kosa la mkono wake. Kamera ndogo inapovuta mbali, tundu la lenzi yake husinyaa, na kikombe ambacho tangu mwanzo kilikuwa kidogo huwekewa kifuniko nusu. Ili ipate mwanga wa kutosha, kamera huacha mlango wazi kwa muda mrefu, na mnyama au mkono ukitikisika kidogo picha huharibika.

Sajini alitumia kubwa pamoja na ile lenzi fupi. Tundu la lenzi hiyo likifunguliwa kabisa huingiza mwanga mara 9 hivi kuliko lenzi ya kawaida iliyovutwa mpaka mwisho. Sokwe alitoka mdogo katikati ya picha, lakini macho yake, mikunjo ya uso na mvi za mgongoni vyote vilionekana.

"Afande, hiyo imekubali," mlinzi wa wanyama alisema, akichungulia. Sajini akafurahi, akadhani shauri limekwisha.

Adhuhuri walifika kilele cha maporomoko. Hapo mwamba hutetemeka chini ya miguu, na manyunyu hupanda hewani hata nguo hulowa kabla mtu hajaona ukingo. Mwanga ulikuwa mwingi, na kamera zote mbili zilitoa picha nzuri ya upinde wa mvua juu ya korongo. Tofauti ilikuwa katika kuhifadhi. Mke aliitia ndogo ndani ya kavera mara manyunyu yalipozidi. Sajini alitaka kubadilisha lenzi papo hapo, mlinzi akamzuia. Tumbo la kamera likifunguliwa penye unyevu au vumbi, huingia kitu ambacho baadaye huonekana kama doa katika kila picha. Basi akaifunika kwa koti lake, akasimama akiilinda kama mtu abebaye mtoto mchanga mvuani, na maporomoko akayatazama kidogo tu.

Hata hivyo kamera ndogo nayo ilionyesha udhaifu. Haikuwa na kitundu cha kuchungulia. Mpigaji hutegemea kioo cha nyuma, na jua la saa sita liligeuza kioo hicho kuwa cheupe. Mke alipiga picha kadhaa kwa kukisia, na moja ikakata vichwa vya watoto wake wote watatu.

Kesho yake alfajiri walivuka Nile kwa daraja la Paraa, lililochukua nafasi ya kivuko cha zamani, wakaingia nyika ya kaskazini. Huko ndiko waliko twiga wengi, nyati, na swala wa aina ya kob, ambaye sura yake imo katika nembo ya taifa la Uganda. Kundi la swala lilikurupuka karibu na gari. Kamera kubwa ililenga na kufyatua kwa wepesi, picha nne mfululizo kabla kundi halijapotea. Ndogo ilisita ikitafuta shabaha, na ilipopata, kilichobaki kilikuwa nyasi na vumbi. Askari yeyote ataelewa tofauti ya silaha iliyo tayari na ile ambayo bado inakokiwa.

Lakini saa nane mchana mambo yaligeuka. Mashua huondoka Paraa na kupanda mto kwa kilomita zipatazo 17 mpaka chini ya maporomoko. Viboko hujaa majini kama mawe meusi. Mamba hulala kwenye mchanga wakiwa wameachama. Furukombe huketi juu ya matawi makavu wakingoja samaki. Nahodha hawezi kukaribia kila mnyama, na abiria haruhusiwi kushuka. Kamera ndogo ilimfikia furukombe mpaka manyoya yakahesabika. Ilimfikia tembo wa ng'ambo pamoja na ndama wake. Kubwa, kwa lenzi yake ya kawaida, ilimwonyesha tembo huyohuyo kama punje ya dengu ukutani.

Hapo sajini alinyamaza. Kamera yake ingeweza kufika, lakini kwa kununuliwa lenzi nyingine ndefu, ya milimita 300 kwa mfano, ambayo ni mzigo mwingine na gharama nyingine. Wanunuzi wengi wa kamera hizo husahau jambo hilo. Hudhani wamenunua kitu kizima, kumbe wamenunua mpini. Jembe, shoka na panga huuzwa mbalimbali.

Mashua iliporudi, hesabu ilikuwa sawasawa. Msitu na nyika vilikuwa upande wa mume; mto na manyunyu vilikuwa upande wa mke. Lililoamua halikutoka kwa mnyama yeyote.

Usiku ule katika kambi ya wageni taa ilikuwa moja tu, dhaifu, juu ya meza ya chakula. Kitindamimba alikuwa amelala mapajani mwa baba yake, mkono wake mmoja umeshika kifungo cha shati. Mama aliona, akachukua kamera ndogo, akapiga. Picha ikatoka na chenga zilezile za msituni. Akawasha taa ya kamera, akapiga tena. Uso wa mtoto ukawa mweupe kama karatasi, ukuta wa nyuma ukawa mweusi, na mtoto akaamka akilia.

Alipotulia na kusinzia tena, sajini alimwonyesha mkewe jinsi ya kuishika kubwa: mkono wa kushoto chini ya lenzi, viwiko mbavuni, pumzi ishushwe polepole. Ndivyo alivyofundishwa kushika bunduki, na kanuni ni ileile. Mke akapiga kwa ile lenzi fupi, bila mwanga mwingine wowote. Kifungo kilionekana, na vidole vilivyokishika, na uso wa baba aliyeinama.

Mke aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Baba watoto," akasema, "msitu ule ni kama sebule yetu."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ambao wauzaji wa kamera huusema mara chache. Maisha ya familia nyingi hayapo mtoni mchana kweupe. Yapo chini ya balbu moja jioni watoto wanaporudi kuoga. Yapo kanisani, msikitini, ukumbini kwa harusi, katika chumba cha wagonjwa, na mezani wakati wa kuandika kazi ya shule. Giza la Budongo ndilo giza la nyumbani. Tembo wa Murchison amekwisha kupigwa picha na maelfu ya watu, naye yumo katika kalenda na vitabu. Mtoto aliyelala akishika kifungo cha baba yake hana mpiga picha mwingine duniani isipokuwa watu wa nyumba yake.

"Basi tuchukue kubwa," sajini akasema.

"Tuchukue, lakini ibaki nami," mkewe akajibu. "Ukienda nayo itapiga picha gani? Za kazini si zako. Wewe una simu. Mtoto atakuwa huku."

Sajini hakuwa ameliwaza jambo hilo. Aliitaka kamera ili watu wampishe njia, na sasa aliombwa ainunue aiache. Alikaa kimya, akimtazama mtoto, kisha akakubali. Siku zilizobaki kabla ya kuondoka hakuzitumia kupiga picha. Alizitumia kumfundisha mkewe na binti yao mkubwa, mpaka wakaweza kufanya kila kitu bila yeye.

Haifuati kwamba kila nyumba inunue kamera kubwa. Mtu ambaye kazi yake ni ya safari, apendaye ndege na wanyama, au ambaye hatabeba mkoba wa pili kwa hali yoyote, atatumikiwa vyema na ndogo yenye kuvuta mbali. Asidanganyike tu kununua ndogo isiyovuta sana, kwa maana kwa mwanga wa mchana simu yake yaweza kufanya kazi ileile. Sababu hiyo ndiyo iliyoangusha biashara ya kamera hizo: mwaka 2010 watengenezaji waliuza nje ya viwanda kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120, na mwaka 2020 hazikufika milioni 10.

Kamera za kioo nazo zimepungua madukani. Nikon D3500 na Canon EOS 2000D, ambazo zote zilitoka mwaka 2018, ni miongoni mwa za mwisho za bei ya kuanzia, kwani watengenezaji wamehamishia nguvu zao kwenye kamera kubwa zisizo na kioo. Kwa mwenye kipato kidogo hii ni nafasi: zilizotumika ni nyingi, na bei zake zimeshuka. Lakini mnunuzi ajihadhari na mambo yafuatayo.

Kwanza, lenzi iinuliwe kuelekea mwanga na kuchunguliwa ndani. Kuvu huota humo kama nyuzi za buibui kamera ikihifadhiwa penye unyevu, nayo ni ghali kuiondoa. Pili, lipigwe ukuta mweupe au anga tupu. Doa litakaloonekana mahali palepale katika kila picha ni uchafu wa ndani. Tatu, iulizwe idadi ya picha ambazo kamera imekwisha kupiga, maana kifungio chake huchakaa kwa kazi kama klachi ya gari. Nne, betri ijaribiwe. Kwa kipimo cha watengenezaji, kamera nyingi za mfukoni huishia picha 200 hadi 300 kwa chaji moja. EOS 2000D hufika 500, na D3500 hufika 1,550. Kwa nyumba ambayo umeme hukatika, tarakimu hizo zina maana kuliko megapikseli. Tano, iwekwe akiba ya lenzi fupi ya milimita 50, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote, nayo ndiyo itakayofanya kazi ya jioni.

Aidha, aliye katika utumishi wa ulinzi hahitaji kukumbushwa mara mbili kwamba kamera, ndogo au kubwa, hufungwa inapofika kambini, penye vizuizi vya barabarani na penye madaraja makubwa. Daraja la Karuma, lililo kwenye barabara ya Gulu mashariki ya mbuga hiyo, huwavutia wageni wengi kwa maji yake meupe, na wengi wamejikuta wakijieleza mbele ya askari. Mama na watoto wafundishwe jambo hilo kabla ya safari, maana kizuizini askari haulizi nani alikuwa hajui.

Mwisho, picha zichapwe. Kadi ya kumbukumbu hupotea, simu huibiwa, na kompyuta hufa na kila kilichomo. Picha iliyochapwa kwenye karatasi hudumu katika bahasha, katika Biblia au juu ya kabati, na haihitaji chaji. Sajini aliondoka na mbili mfukoni. Moja ni ya maporomoko, ambayo aliwaonyesha wenzake. Ya pili, ya kifungo, ameiweka katika mfuko wa ndani wa shati.